Jiko Lisilo na Moshi

Mimi ndiye niliyelipeleka lile jiko nyumbani kwa mama mkubwa, mtaa wa Rahaleo, tena kwa mikono yangu. Nalisema mapema ili asije mtu akaniuliza mwishoni nilikuwa wapi. Nilikuwa hapo hapo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa karani na mfasiri katika ofisi ya mradi mmoja mjini Mtwara, mradi wa nchi mbili: yetu, yenye makaa ya mawe huko upande wa Songea, na nyingine ya ng'ambo, yenye ujuzi wa kuyasafisha. Makaa yalisagwa, yakaoshwa, yakachanganywa na chokaa na udongo, yakafinyangwa kuwa matonge yenye matundu. Ukiyawasha kwenye jiko lao, baada ya muda mfupi moshi unakwisha kabisa. Gesi ya Mnazi Bay wakati huo tulikuwa tunaisikia kwenye hotuba tu, kwa hiyo sisi watu wa kuni na mkaa tuliona neema imeshuka. Mpango ulikuwa kaya chache zijaribu jiko, kisha wakubwa wa pande zote mbili waje kutia saini mradi mkubwa zaidi.

Niliipenda kazi ile, siwafichi. Mtaalamu wao alikuwa mzee mpole, aliyewaamkia "shikamoo" hata watoto wadogo, nasi tukimcheka na yeye anacheka. Maelekezo ya jiko yaliandikwa kwa Kiingereza. Bosi wangu alinikabidhi kurasa mbili nizitafsiri: namna ya kuwasha, na namna ya kutoa majivu. Nilizitafsiri, nikazipeleka nyumba kwa nyumba, na kwa wasiojua kusoma nikawasomea mwenyewe.

Mama mkubwa alikuwa mmoja wao. Msahafu aliusoma vizuri, lakini karatasi za ofisini hakuziweza, na wala hakuzipenda. Ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Siku nilipomletea jiko alilizunguka mara mbili, akaniuliza kitu kimoja tu, "Halina ubaya?"

"Mama mkubwa, karatasi nimeisoma yote mwenyewe. Halina."

"Haya. Kama umesoma wewe."

Haikupita miezi miwili binti yake akajifungua. Kwetu mzazi hukaa ndani siku arobaini. Anakandwa kwa maji ya moto, anapewa uji wa pilipili manga, na chumba chake kinatiwa moto ili upepo usimwingie. Dirisha linafungwa, na uwazi wa chini ya mlango unazibwa kwa kanga kuukuu. Tangu enzi na enzi tabu ya chumba hicho ilikuwa moshi, mzazi anakohoa na mtoto anatoka machozi. Sasa tuna jiko lisilo na moshi. Mama mkubwa akaliweka karibu na kitanda bila kumuuliza mtu, na akanisifu mbele ya majirani kwamba kusoma kwangu hakukwenda bure. Nikavimba kichwa.

Siku ya tano mtaalamu alikuja na bosi wangu kutoa hongera. Chumba cha mzazi mwanamume haingii, basi mama mkubwa akafungua mlango kidogo na kufunua pazia wapate kuliona jiko. Mtaalamu alilitazama jiko, akatazama dirisha, akaniuliza kwa Kiingereza kama huwa linafungwa hivyo. Nikamweleza desturi yetu kwa fahari kubwa, siku zote arobaini, usiku na mchana. Akaandika kwenye daftari lake, akapiga picha ya jiko, akanywa chai ya mama mkubwa vikombe viwili. Bosi alikuwa anatazama saa.

Siku ya tisa nilipita asubuhi kabla ya kazi na chupa ya maziwa. Nilimkuta mama mkubwa ameketi ukumbini, ameshika kichwa, ametapika. Aliniambia ametoka kumtazama mzazi na dunia imemzunguka. Nikausukuma mlango. Ndugu yangu nilimwita, nikamtikisa, hakuamka. Mtoto alikuwa ametulia mno. Nilimbeba mtoto hadi uani, majirani wakamburuta mama yake na godoro lake, na gari la mtu wa jirani likatufikisha hospitali.

Walipona wote. Daktari alisema ni hewa ya makaa, haina harufu wala haionekani, na ningechelewa kidogo tu ningekuta maiti mbili. Aliniuliza kama hatukuambiwa. Nikamjibu kwa kujiamini kwamba maelekezo niliyatafsiri mwenyewe.

Mchana wake nilifungua faili la mradi. Kumbe kulikuwa na ukurasa wa tatu. Ulisema jiko lisiwashwe kamwe katika chumba kilichofungwa, kwamba moshi haupo lakini hewa yake inaua. Chini kulikuwa na saini ya mtaalamu, na pembeni muhuri wa ofisi yetu wa kupokelewa. Nikauchukua, nikaenda nao kwa bosi.

Bosi hata hakukana. "Ukimwambia mtu jiko linaua, nani atalichukua? Na wageni wanakuja kutia saini. Halafu hizo tahadhari ni za upande wao, jiko ni lao." Nikaenda kwa mtaalamu. Yeye akanionyesha kifungu cha mkataba: kuelimisha wananchi ni kazi ya upande wetu.

"Lakini dirisha uliliona," nikamwambia.

Alivua miwani, akaifuta. Akasema alidhani tumeambiwa, na hakupenda kuingilia mila za watu. Mstaarabu huyo. Nilitaka kumtukana, Kiingereza chote kikanitoroka, nikamtukana kwa Kimakonde. Akaitikia kwa kichwa, akidhani ninamuaga.

Siku ya kutia saini nilikataa kutafsiri. Walipata mwingine kabla ya saa nne. Wakubwa walipeana mikono mbele ya kamera, na ile picha ya jiko kando ya kitanda cha mzazi wakaiweka kwenye ripoti yao, kuonyesha jinsi wananchi walivyoupokea mradi. Mimi nikaacha kazi, nikauchukua ukurasa wa tatu, nikaupeleka Rahaleo.

Mama mkubwa alikuwa uani na jirani, wanachambua mchele. Nikamsomea ukurasa wote kwa Kiswahili, neno kwa neno. Nikamweleza walivyonificha, walivyonitumia. Nililia. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo karatasi ilikuwapo."

"Ilikuwapo, mama mkubwa, ila hawakunipa."

"Ilikuwa ofisini kwako."

"Ndiyo."

"Mimi ofisi yenu sikuiamini hata siku moja, wala yule mgeni wenu. Nilikuamini wewe."

Mtoto akalia ndani. Mama mkubwa akaenda kumtoa, nami nikasimama nikanyoosha mikono kumpokea, kama nilivyozoea kila siku. Akapita mbele yangu, akampa jirani. Jirani akanitazama kwa haya, asijue ampakate au anipe.