Picha ya Kimanzi Iliyozikwa Migwani

Mwanangu, kuna siku moja mjini Kitui ambayo hainitoki kichwani, siku niliyopewa zawadi ya kwanza ya uchoraji na kuiacha kabla jua halijatua. Nakuandikia habari zake kwa sababu nasikia nawe umeshika brashi, na sipendi ujifunze kwa njia niliyojifunza mimi.

Rangi niliijulia jeshini. Niliandikishwa katikati ya miaka ya sitini, kijana mwembamba wa kutoka Kathonzweni, nimetoka tu sekondari. Sajenti alipoona mwandiko wangu ni mzuri, akanipa kopo la rangi nyeupe na kuniambia niandike namba kwenye malori. Tulipopelekwa kaskazini, karibu na mpaka, wenzangu walikwenda doria na mimi nikabaki karakana, nikipaka malori kijani na kuandika namba. Vijana wengine wangeona hiyo ni bahati. Mimi pia niliona hivyo.

Rafiki yangu huko alikuwa Kimanzi, dereva wa lori, mtu wa Migwani. Tulilala hema moja, tukala mahindi na maharagwe kwenye sahani moja. Alikuwa mtu wa kucheka. Akianza, jicho lake la kushoto lilifumba kabla ya lile la kulia, na bega likapanda kama anayejikinga asipigwe. Mara nyingi alikuja kunisimamia nikiwa kazini.

"Fundi Rangi," aliniambia, "siku moja achana na hizo namba unichore mimi. Namba haina meno."

"Ngoja nimalize hili lori."

"Na ukimaliza hili, kuna lile. Utanichora nikiwa kibogoyo."

Kweli, kila mara kulikuwa na lori lingine. Halafu asubuhi moja gari lake lilikanyaga bomu lililotegwa barabarani, likaungua lote. Hakukuwa na cha kurudisha nyumbani. Hata picha yake ya pekee, aliyopigwa studio mjini Kitui akiwa amevaa lile koti ambalo mwenye studio alimwazima kila kijana, ilikuwa ndani ya sanduku lake humo humo lorini.

Nilipotoka jeshini sikuweza kukaa mahali. Nikawa mtu wa kuandika mabango: bucha Kathonzweni, hoteli za chai kule Kiboko kando ya barabara kuu, duka la nguo huko Migwani. Jioni, nikibaki na rangi, nilimchora Kimanzi. Nilinunua kitambaa cha marekani, nikakivuta juu ya fremu ya mbao za masanduku, nikakipaka gundi na chokaa hadi kikawa kigumu. Ngozi yake niliitafuta kwa muda mrefu. Mwishowe niliipata kwa rangi nyekundu ile inayopakwa mabati, nikaitia nyeusi kidogo na manjano kidogo. Nilimweka amekaa juu ya debe la petroli, anacheka, jicho moja limeshafumba. Siku nilipomaliza nilitoka nje nikakaa chini. Sikuwa nimewahi kufanya kitu kama kile, na sikujua kwamba sitakifanya tena.

Yakatangazwa mashindano ya wachoraji, picha zitundikwe katika ukumbi wa mjini Kitui. Nikampeleka Kimanzi. Waamuzi walitoka Nairobi, na mmoja wao, bwana mwenye miwani, alisimama mbele yake, kisha akabandika utepe mwekundu kwenye fremu. Aliniambia picha itakwenda Nairobi kwenye maonyesho makubwa. "Ikifika huko," akasema, "wewe hutaandika tena mabango ya bucha."

Nilikuwa bado nashikana mikono na watu aliponijia mama mmoja mzee, amejifunga leso mbili, miguu ina vumbi la safari. Alikuwa Syombua, mama yake Kimanzi. Bwana Salim, yule mwenye duka la nguo Migwani aliyeniuzia marekani, alikuwa ameiona picha siku iliyotangulia, akamtambua kijana aliyekuwa akimkopesha mashati, akaenda kumwambia mama yake. Sikuwa nimemwambia mimi. Nilikuwa nimepita karibu na nyumbani kwake mara nyingi na ngazi yangu begani, na kila mara nikajiambia nitaingia nikiwa na la kusema.

Hakulia. Aliitazama picha kama mtu anayekagua mbuzi sokoni, akasogea, akarudi nyuma.

"Shingo hii ni nene," akasema. "Mtoto wangu hakuwa na shingo hii."

"Alinenepa, mwaitu," nikamjibu. Mwaitu ndilo neno letu la mama, na sikuwa nimelitamka kwa muda mrefu. "Jeshini tulikula vizuri."

"Alinenepa?"

"Sana. Tulimtania kwamba atavunja kiti cha lori."

Akatabasamu kidogo. "Basi alinenepa," akasema, kama mtu aliyeletewa habari njema kutoka mbali. Kisha akaishika fremu kwa mikono miwili. "Mimi nililetewa blanketi la jeshi na pole. Kaburi la baba yake lina nafasi kando, nafasi hiyo inanitazama kila nikienda kuchota maji. Nipe huyu nimzike."

Yule bwana wa Nairobi alidhani hakusikia vizuri. Alinivuta kando, akaniambia nimweleze mama kwamba picha si maiti, kwamba nitamchorea nyingine ndogo ya kuweka nyumbani. Alisema kwa upole, na kila neno lake lilikuwa na akili. Nilimtazama Syombua pale alipokuwa amekumbatia fremu, utepe mwekundu unamning'inia kifuani. Nikaubandua utepe nikamrudishia yule bwana.

Tulikwenda Migwani kwa pikapu ya Salim, picha imelazwa katikati ya majora ya nguo. Majirani walikuwa wameshachimba, kama mama alivyowaagiza kabla ya kuja mjini. Hapo ndipo mchungaji wa kanisa lao alipokataa. Alisema hawezi kuombea kitambaa, watu watasema amerudi kwenye sanamu. Mzee mmoja aliyekuwa ameegemea jembe lake akasema, "Mchungaji, wewe omba tu. Mungu mwenyewe atachagua aombewe nani." Watu wakacheka kwa aibu, na mchungaji naye akalegea, akasema atamwombea mama aliyefiwa, na macho yake hatayaelekeza shimoni.

Tulikitoa kitambaa kwenye fremu, tukakilaza juu ya lile blanketi la jeshi, uso ukitazama juu, maana mama alikataa katakata afunikwe uso. Akatupa udongo wa kwanza. Mwanangu, rangi ya mafuta ikipakwa nene hukawia kukauka ndani, na kwenye mashavu nilikuwa nimeipaka nene sana. Udongo uliposhika pale haukuteleza kama ulivyoteleza kwingine. Uling'ang'ania. Bado alikuwa anacheka huku mashavu yakigeuka udongo, na mimi ndiye niliyeshika chepe.

Nilidhani nimetenda jema. Nilirudi kwenye mabango yangu bila utepe na bila Nairobi, lakini nilitembea nimenyooka. Mvua ya vuli ikapita, ndipo nikapita tena Migwani. Nilimkuta Syombua amekonda. Aliniwekea kiti, akakaa mbali.

"Uliniletea mtoto akicheka," akasema. "Anayecheka ni mzima. Nilimzika mtoto wangu mzima, kwa mikono yangu hii."

Nikamwambia ilikuwa picha tu. Akasema hayo nimwambie mchungaji.

"Nikiamka namsikia. Si kulia, kucheka. Nichoree mwingine, amefumba macho yote mawili, ametulia. Huyo nikimlaza juu ya yule, wote watalala."

Nikamwahidi. Nilipanga chumba nyuma ya hoteli moja Kiboko, nikajifungia na marekani mpya. Mwanangu, uso haukuja. Nilipata paji la uso likawa la mtu mwingine. Nilipata mdomo, na ukishaacha kucheka haukuwa mdomo wake. Sikuwahi kumtazama Kimanzi amelala, ingawa tulilala hema moja. Mimi nilikuwa nageukia turubai nikiwaza malori ya kesho. Nilichokuwa nacho kichwani ni kile kicheko kimoja tu, nacho nilikuwa nimekizika. Nilipaka nikafuta, nikapaka nikafuta, hadi kitambaa kikawa kigumu kama ngozi kavu.

Nilimrudia mikono mitupu. Hakunikasirikia. Aliniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi: "Mlikuwa pamoja siku zote hizo, na rangi ulikuwa nayo. Ulikuwa unachora nini?"

Nikasema, "Namba za malori, mwaitu."

"Malori yako wapi?"

Akainuka akaenda kuchota maji, akipita pale kando ya makaburi bila kugeuza kichwa. Alikufa msimu uliofuata wa kiangazi, bado ananingoja. Walimzika upande wa pili wa mumewe. Nilifika watu wakiwa wameshatawanyika.

Tangu hapo nimezunguka. Siku za njaa kubwa niliwachora watu waliopanga foleni ya mahindi ya msaada, na hakuna aliyetaka kuziona picha hizo, kwa kuwa kila mmoja alikuwa ametoka kwenye foleni hiyo hiyo. Nimekaa miezi mingi kando ya barabara kuu, na usidhani niliuza sana. Nilikuwa natazama madereva wa malori wakishuka kunywa chai, nikitafuta shingo nene na bega linalopanda mtu akicheka. Uso wa mtu mmoja, mwanangu, huupati kwa kukusanya vipande kwa watu wengine. Nimejaribu mpaka mvi zimeanza kuniingia.

Majuzi niliitwa kuwa mwamuzi wa mashindano ya vijana huko Makueni. Sasa mimi ndiye niliyevaa miwani. Nilipita ukuta mzima wa ukumbi. Milima yenye theluji. Simba. Twiga na jua linalozama. Mito ya bluu, katika nchi ambayo tunachimba mchanga ili tupate maji. Hakukuwa na uso hata mmoja uliotoka nyumbani kwa mtu. Nikamwuliza kijana mwenye simba mzuri kuliko wote kama mama yake yuko hai.

"Yuko, mzee."

"Umewahi kumchora?"

Akawatazama wenzake, wakaanza kucheka kabla hajajibu. "Sasa mzee, uso wa mamangu ataununua nani?"

Nilitaka kumweleza habari za Syombua. Nilifungua mdomo, nikaona jinsi wanavyonitazama, mzee mmoja wa jeshi anayekaribia kutoa hotuba, nikaufunga. Simba wake alikuwa amechorwa vizuri, kila unywele mahali pake. Nikampa zawadi ya kwanza, wakapiga makofi, akaenda zake akiwa na furaha. Nilibaki ukumbini wakikunja meza, na sikuona kwamba lolote nililopitia limemfaa mtu yeyote.

Ndiyo maana nakuandikia wewe, ambaye uko mbali na huwezi kunicheka usoni. Mchore aliye hai, tena mchore sasa, kabla ya bango, kabla ya mashindano, kabla ya lori lililo mbele yako. Mchore anayekula, anayenuna, anayesinzia. Akae hapo akulalamikie kwamba pua umeikuza na shingo umeinenepesha, umfanyie tena. Usitosheke na namna moja ya uso wake. Na akitokea mtu kukuomba umrudishie aliyekwenda, usimwahidi, hata akilia. Kaa naye tu. Rangi haina uwezo huo, na mimi nimewaumiza watu wawili kwa kudhani inao, mmoja wao akiwa mwenye kuandika haya.

Mungu akujalie watu wa kuwatazama na akuache nao siku nyingi. Akupe mkono usio na haraka. Na wale uwapendao wazeeke mbele ya macho yako, mwanangu, mpaka uchoke kuwachora.