Kipimo cha Alhamisi

Mashine kumi na moja za kupima sukari zilikuwa zimepangwa mezani, na Gladys Temba alikuwa ameshazimaliza zote. Kila moja aliiwekea tone la kimiminika chenye kiwango cha sukari kinachojulikana, akaandika namba iliyotokea, akailinganisha na ile iliyochapwa kwenye chupa. Zote zilikuwa sawa, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi.

Kituo hiki kidogo cha afya, juu huko Kibosho, kilikuwa kimelalamika mara ya pili. Miezi miwili nyuma, tabibu wake, Calvin, alimpigia simu kwamba mashine zinasoma juu mno siku za kliniki ya sukari, yaani Alhamisi. Gladys akapanda kutoka Moshi, akazikagua, akasaini fomu kwamba ni sahihi. Kwa kuitegemea saini hiyo, Calvin aliongeza insulini ya mgonjwa mmoja, Dominika, mjane wa miaka sitini na tatu. Leo Dominika alikuwa amekaa kwenye benchi mbele yao, na Calvin alitaka kuiongeza tena.

"Kumi na tisa nukta nne," Calvin alisema, akisoma sukari ya Dominika. "Dada Gladys, nakusubiri wewe tu. Ukisema mashine ni nzima, naandika."

"Nyumbani anajisikiaje?"

"Anasema vizuri."

"Sijasema vizuri," Dominika akadakia. "Nimesema naendelea. Jumanne nilidondoka bandani kwa ng'ombe. Jasho linanitoka, mikono inatetemeka. Mkwe wangu akaninywesha chai yenye sukari, nikainuka. Mtu wa sukari anatibiwa kwa sukari, mmeona wapi?"

Gladys alikuwa ameona. Yeye si daktari. Alisomea elektroniki chuo cha ufundi Arusha akitarajia kutengeneza redio, na baba yake kule Uru hadi leo huwaambia majirani kwamba binti yake ni fundi wa televisheni. Lakini miaka kumi na miwili ya ugezi, kazi ya kuhakikisha kwamba vipimo vinasema kweli, imempitisha kwenye kliniki nyingi. Jasho na mtetemeko ni dalili za sukari kushuka. Mtu mwenye kumi na tisa hadondoki namna ile. Akiongezewa dozi, safari nyingine huenda asiwepo wa kumnywesha chai.

"Usiandike kwanza," alimwambia Calvin.

Akakagua tarehe kwenye kopo la vipande vya kupimia. Muda wake ulikuwa haujaisha. Akatazama kifuniko, akapima joto la chumba. Hakuona kasoro. Akajichoma kidole mwenyewe: tano nukta mbili. Hakuwa na kitu kingine cha kukagua, na hali hiyo haikuwa ngeni kwake. Mara ya kwanza aliishia hapo hapo, akafunga begi.

"Mwanangu, umekonda kwa kuinamia hivyo vidude," Dominika alisema. Akatoa ndizi mbivu kwenye kikapu. "Kula. Au watu wa Uru hamli ndizi za Kibosho?"

"Tunakula, mama, tukikosa zetu."

Dominika akacheka. Gladys akaimenya, akala nusu, huku Calvin akitazama saa.

"Rudia yako basi," Calvin alisema, "tuone kama haichezi."

Gladys akafuta kidole kwa pamba yenye spiriti, akachoma, akasubiri. Kumi na tatu nukta nane.

"Ehe! Karibu kliniki, dada," Calvin alisema.

Gladys hakucheka. Dakika mbili zilizopita alikuwa na tano. Ndizi yenyewe ilikuwa haijatulia tumboni. Akanusa kidole. Spiriti ilikuwa imekauka, na chini yake kulikuwa na utamu wa ndizi unaonata.

"Mama, leo asubuhi umefanya kazi gani?"

"Kazi gani tena? Nimeamka, nimesali, nimemenya ndizi."

"Ngapi?"

"Mikungu mitatu. Mbege ya Jumapili unadhani inajipika yenyewe?"

"Kila Alhamisi?"

"Kila Alhamisi. Nisipochemsha leo, watu wakitoka misa watakunywa pombe gani?"

"Na mikono ulinawa?"

"Nilijifuta na kanga, nilikuwa nachelewa. Kwani nesi si amenipaka spiriti?"

Gladys akampima kidole cha mkono wa kushoto kama kilivyokuwa: kumi na nane nukta saba. Kisha akampeleka kwenye bomba la nje, akamsugua mkono wa kulia kwa sabuni, akaukausha vizuri.

"Kunawishwa mkono mmoja kama mtoto," Dominika alinung'unika. "Watu wa Uru mna mambo."

Mkono wa kulia ulisoma sita nukta tatu.

Calvin aliitazama namba ile, akaomba wapime kidole kingine. Sita nukta moja. Akavuta kadi ya Dominika, akakata dozi aliyokuwa ameiongeza miezi miwili iliyopita, akamwambia nesi atoe damu ya mshipani ipelekwe maabara ya mjini, wapate uhakika.

Gladys alikaa kwenye benchi kando ya Dominika.

"Mama, mimi ndiye niliyesema mashine ni sahihi. Sikutazama mikono ya mtu."

"Si ni sahihi kweli?"

"Ni sahihi. Ndiyo maana nilikosea."

"Basi nisamehe na mimi, kwa hizo ndizi," Dominika akasema. "Lakini kupika siachi."

"Usiache. Nawa."

Kisha Gladys akaomba daftari la kliniki. Walipekua yeye na Calvin, Alhamisi hadi Alhamisi, na Dominika akawa anawatajia wanaopika mbege. Walipata wanawake watatu zaidi ambao sukari yao ilipanda ghafla, dozi ikafuata. Calvin akawapigia simu warudie dozi ya zamani; wawili walipokea. Wa tatu, Veronika, aliyeongezewa wiki iliyopita, hakupokea.

"Kwake ni hapo chini ya mfereji," Dominika alisema, akiinuka. "Simu yake huwa anaifungia kabatini."

Waliteremka wote watatu migombani. Veronika walimkuta ameinamia sufuria, mikono imejaa ndizi hadi viwiko.

"Shikamoo mama," Gladys na Calvin walisema.

"Marahaba. Watu watatu kwa ajili ya kidole changu?"

"Leo umeshachoma sindano?" Calvin aliuliza.

"Bado. Namalizia sufuria kwanza."

Calvin akashusha pumzi. Akamwambia dozi ya leo, ile ya zamani, na Veronika akairudia kwa sauti huku akikoroga.