Bi Nurjehan na sauti iliyofichwa ndani ya bodi

Saa nne asubuhi, Jumamosi, na nyumba ya Bi Nurjehan Osman mtaani Queensbury, London, iko kimya kuliko inavyopaswa kuwa nyumba ya watu wawili. Mumewe, Mzee Himid Faki, ameketi kwenye kochi anamenya vitunguu thomu. Hasemi. Akitaka chai anagonga kikombe kwa kijiko.

Hasemi kwa sababu sauti yake iko mezani, imefunguliwa.

Miaka sita iliyopita madaktari walimtoa kikoromeo kwa ajili ya saratani. Tangu hapo huongea kwa kifaa cha ukubwa wa tochi ndogo. Anakibandika shingoni, anabonyeza, kinatetema, na mdomo wake unaugeuza mtetemo ule kuwa maneno. Mwenyewe hukiita zumari.

Leo zumari limevuliwa ganda. Bi Nurjehan, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, ameinamia kile kisahani cha kijani kilichokuwa ndani yake, chenye vinjia vya shaba, ambacho mafundi hukiita bodi. Ameshika sindano mbili za mita ya kupimia umeme, moja kila mkono. Anagusa huku, anagusa kule. Mita ikilia, basi umeme unapita kati ya sehemu hizo mbili, naye anachora mstari kwa penseli nyekundu. Isipolia, anasogea mbele.

"Mimi nauliza tu," anasema bila kuinua kichwa. "Yenyewe ndiyo inayojibu. Ukiwa na haraka haikwambii kitu."

Kazi hii ya kuichunguza bodi iliyokwisha kutengenezwa, mpaka uupate mchoro uliokuwa kichwani mwa aliyeibuni, ndiyo aliyoiandikia vitabu viwili. Sasa yuko kwenye cha tatu. Ukimtazama kwa muda unasahau chai yako mpaka ikapoa. Karatasi iliyokuwa nyeupe inajaa mistari, na mistari inaanza kuwa na maana, na wewe uliyekuja na kalamu yako unabaki umeduwaa.

Alizaliwa Mombasa, akaja London akiwa msichana, akaajiriwa katika kiwanda cha vipaza sauti huko Park Royal. Alianza kwa kulehemu, akaishia kwenye meza ya vilivyoharibika. Michoro mafundi hawakupewa. "Wakubwa waliifungia kabatini," anasema. "Nikajifunza kuzisoma bodi zenyewe. Ningefanya nini?"

Kantini ya kiwanda hicho ndiko alikokutana na Himid, kijana wa Wete aliyeondoka Pemba miaka michache baada ya Mapinduzi. "Alinitania siku ya kwanza, akanitania ya pili. Nikaona bora nikubali kuolewa, labda atanyamaza. Wapi."

Kitabu cha kwanza alikiandika baada ya kustaafu, kwenye meza hii hii ya jikoni. Bodi za kufundishia huzipata kwenye redio mbovu anazonunua soko la Walthamstow. Picha anapigiwa na binti yao, Zuwena, ambaye ukimsemesha Kiswahili anakuelewa vizuri sana na kukujibu kwa Kiingereza. Mwaka jana ziliuzwa nakala mia nne na ushee za vitabu hivyo. Fedha zake, anasema, zilitosha lehemu na gesi ya kupashia nyumba joto msimu mmoja wa baridi, basi.

Tatizo lilianza pale betri ya zumari ilipovuja. Maji yake yakaanza kuitafuna shaba ya bodi, na sauti ya Mzee Himid ikawa inakatika katikati ya neno. Kampuni iliyotengeneza kifaa hicho ilikwisha kufungwa zamani. Hospitali ikampa kingine, kipya na imara, lakini chenye sauti ya namna moja tu. Lile zumari la zamani lina kigurudumu cha kusukuma kwa kidole gumba. Ukikisukuma sauti inapanda, ukikirudisha inashuka.

Kwa mtu mwingine labda lisingekuwa neno. Lakini Mzee Himid ni Mpemba ambaye utani ndio salamu yake, na utani unaosemwa kwa sauti iliyonyooka unageuka tusi.

Ndivyo ilivyotokea kwa dada yake, Bi Mize, aliyebaki Wete. Bibi huyo alimpigia simu kumpa habari za harusi ya mjukuu, akajisifu kwamba amepika masufuria matatu ya pilau. Mzee Himid akamjibu kwa kile kifaa kipya, "Wewe? Mkono wa kutoa umeupata wapi?" Kwa sauti yake ya zamani dada angecheka mpaka akae chini. Safari hii alikata simu. Imepita miezi minane hajapokea tena.

"Alimwambia mpwa wetu kwamba kaka yake amebadilika," anasimulia Bi Nurjehan, na hapa anaziweka sindano chini. "Kwamba ugonjwa ule umeondoka na utu wake. Huyu mume wangu aliposikia hivyo alikitia kile kifaa kipya kabatini. Anasema bora akae bubu kuliko kuwa mtu mwingine. Iliniuma. Bado inaniuma."

Dawa ilikuwa moja, kutengeneza bodi mpya inayofanana na ya zamani. Lakini nusu ya ile ya zamani, tena nusu yenye siri ya kupanda na kushuka kwa sauti, ilifunikwa kwa gundi nyeusi ngumu. Kampuni humwaga gundi hiyo ili washindani wasione. Kuibandua lazima uipashe moto, na moto huo huo unaweza kuiua bodi. Ikifa, hakuna nyingine ya kuiga.

Mwandishi huyu wa vitabu, aliyewafundisha wasiomjua namna ya kuibandua gundi hiyo, alishindwa kuigusa. "Vya watu nimefungua sijui vingapi," anasema. "Hiki mkono ulikataa. Kila nikiwasha joto naona nakwenda kumziba mume wangu mdomo kwa mkono wangu mwenyewe."

Aliyemaliza ubishi ni Mzee Himid, kwa sauti iliyobaki, inayokatika kila maneno mawili. "Fungua," alimwambia. "Mize hanisemeshi. Nakiwekea nani?"

Wiki hii alifungua. Alipuliza hewa ya moto kidogo kidogo, akawa anachokonoa kwa kijiti cha meno, siku baada ya siku. Gundi ilipotoka yote aliivuta taa karibu, akakaa.

"Nilisema subhanallah," anakumbuka. "Hujapata kuona kazi safi namna ile. Kila njia imepita pale tu inapostahili kupita. Huyu aliyeibuni hakuwa anatafuta mshahara, alikuwa anampenda atakayekitumia. Jina lake silijui, lakini nimekaa naye meza moja wiki nzima."

Jumamosi mbili baadaye bodi mpya imewasili kutoka kiwanda alichokipelekea mchoro, na Bi Nurjehan ameshailehemu na kuitia ndani ya ganda la zamani. Mzee Himid analibandika zumari shingoni.

"Nurjehan," anasema. Kigurudumu kinafanya kazi, sauti inapanda na kushuka. Anajaribu maneno mengine. Anamuuliza mgeni mwenye kalamu kama kwao huwa hawali, mbona hajagusa sambusa. Kisha anatikisa kichwa.

"Bado," anasema. "Hii inawafokea watu."

Ni kweli. Kila sentensi inakatika mwishoni kama imepigwa kisu, na mzaha unatoka kama amri. Bi Nurjehan anarudi kwenye mchoro wake, anaupitia kwa kidole, na kidole kinasimama.

Chini ya ile gundi kulikuwa na kapasita moja ndogo kama punje ya ufuta, kifaa kinachoweka chaji kidogo na kuiachia polepole. Aliiona. Aliichora. Lakini akaidhania ni ya kuchuja kelele za umeme, kama zilivyo nyingi za aina yake, na kwa kuwa betri mpya ni safi, hakuitia kwenye bodi mpya.

"Nimeandika vitabu viwili kuwaambia watu wasiondoe wasichokielewa," anasema, na anacheka kwa uchungu. "Yarabi, na miye yule yule nimeondoa."

Anapasha chuma cha kulehemu. Kazi yenyewe ni ya muda mfupi. Anapoitia ile punje mahali pake, ndipo anaelewa ilikuwapo kwa nini. Mzee Himid anapoachia kitufe, sauti haikatiki tena. Inashuka taratibu na kuishia, kama ya mtu anayemaliza pumzi.

"Alisikiliza watu wanavyoongea," anasema Bi Nurjehan kwa sauti ya chini. "Alikaa akasikiliza kwamba binadamu hanyamazi ghafla."

Simu inapigwa Wete kwa namba ya mpwa, maana simu ya kaka yake Bi Mize asingeipokea. Mpwa anampa bibi simu bila kumwambia ni nani. Mzee Himid anaweka zumari shingoni, kidole gumba kwenye kigurudumu.

"Mize," anasema. "Umenuna mpaka leo, au bado unasugua yale masufuria?"

Bi Nurjehan ameshika ukingo wa meza.

"Kumbe uko hai, kaka," inasema sauti ya bibi kizee, inatetemeka. "Basi unilipe. Nilidhani umekufa, nimekusomea khitma nzima."

Kisha anacheka, na Mzee Himid anafunika uso kwa kitambaa, mabega yanamtikisika. Wanaendelea kutaniana mpaka simu ya mpwa inaisha chaji.

Kitabu cha tatu kinatarajiwa kutoka kabla ya Ramadhani. Mchoro wa zumari utakuwamo wote, na yeyote aliye na kifaa cha aina hiyo ataruhusiwa kuunakili bure. Lakini Bi Nurjehan anatamani zaidi msomaji mmoja tu, yule aliyeibuni bodi ile, ambaye yeye hamjui jina wala kama bado yu hai.

"Akikiona atajua ni kazi yake," anasema. "Nataka nimwambie kwamba ile punje niliikuta. Na kwamba huko Wete kuna mtu amecheka."