Kilima cha Alasiri

Katika vitu alivyoniachia marehemu mume wangu, kimoja kilikuwa kizito kama mbuzi na chenye kelele kushinda mashine ya kufulia. Ilikuwa seva kuukuu aliyoipata kazini kwake, kiwanda kimoja cha Rusayl, siku walipoamua kuitupa. Aliileta nyumbani kwetu Hail, hapa Maskati, nyuma ya pikapu, akaiweka stoo baina ya magunia ya mchele na masanduku ya mama yake ya tangu Unguja, kisha akaifungia kiyoyozi chake peke yake. Mimi mke wa ndoa nilikuwa nimeomba kiyoyozi kipya cha jikoni mwaka mzima. Seva ilikipata siku ile ile.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili, pale watu wa kawaida walipoanza kuweza kufanya majumbani mambo ambayo zamani yalikuwa ya makampuni makubwa. Mimi mwenyewe sikuwa mgeni wa kazi hizo. Kutwa nilikuwa nikiangalia mtandao wa kampuni moja ya mizigo huko Matrah, na nikirudi nyumbani sikutaka kuona waya. Yeye alizipenda. Ndani ya chuma kile kimoja aliweka mashine pepe tatu, mashine zisizo na mwili, kila moja ikijidhani iko peke yake duniani, na kila moja akaipa jina la samaki. Nguru alihifadhi picha zetu. Kolekole alikuwa mlinzi. Alihesabu kila kilichopita kwenye nyaya za nyumba na kukichora kwenye skrini, kilima baada ya kilima. Pono aliendesha simu za ndani, na aliitwa hivyo, kwa jina la samaki mwenye usingizi, kwa kuwa wiki ya kwanza hakuwa na kazi ila kulala.

Simu zenyewe alizifunga kwa ajili ya mama yake. Magoti yalikuwa yamemkatalia Bi Mkubwa, na nyumba yetu ilikuwa ndefu. Mume wangu alimwekea simu chumbani, akachukua rangi yangu ya kucha bila ya ruhusa, akapaka kitufe kimoja chekundu. Bi Mkubwa akikibonyeza, simu inalia mezani kwa mwanawe, mle stoo. Kama hayupo, Pono anaipokea na kutoa sauti aliyoirikodi mwenyewe: “Mama, sipo karibu. Sema, nkirudi ntakusikiliza.” Na alikuwa akisikiliza kweli. Akitoka kazini alipitia stoo kwanza, kabla hata ya kuja kuniuliza kumepikwa nini, nami nikinuna.

Asubuhi moja moyo ulimsimama akiwa kazini. Juu ya siku hiyo sina zaidi la kusema.

Nikakaa eda. Miezi minne na siku kumi nilikuwa kizuka, ndani ya nguo nyeupe, bila ya manukato, bila ya kuvuka mlango wa nje. Wageni walipopungua tukabaki wawili, mimi na Bi Mkubwa, na hapo nikagundua jambo lililonitisha: hatukuwa na la kuambiana. Hatukuwahi kugombana. Ila miaka yote hiyo kila neno baina yetu lilipitia kwake, kama nyaya za nyumba zinavyopitia kisanduku kimoja. Bi Mkubwa akitaka chai isiyo na tangawizi alimwambia mwanawe, naye akaniambia mimi. Nikitaka kujua kama magoti yanamuuma, nilimuuliza mume wangu. Sasa tulisalimiana asubuhi na jioni, basi. Nilivyokuwa na roho mbaya ya msiba, nikaamini kwamba ananilaumu kwa kubaki hai.

Kila siku baada ya sala ya Alasiri simu ya stoo ililia mara nne, kisha ikanyamaza. Mara ya kwanza nywele zilinisimama. Halafu nikaelewa: Bi Mkubwa anabonyeza kitufe chekundu apate kumsikia mwanawe. Sikumwambia kitu. Kusema kweli nilimwonea wivu, kwa kuwa mimi sikuwa na ujasiri huo.

Wifi yangu, dada wa marehemu, alikuja kila siku na vyungu vya chakula, na yeye pia aliijua habari hiyo. Hakuipenda. Alinikamata jikoni akaniambia neno ambalo sijalisahau.

“Maiti husomewa,” alisema. “Hapigiwi simu.”

Nikamjibu kwamba aende akamwambie mama yake hayo. Hakwenda.

Joto lilipopamba moto, adhuhuri moja umeme ulikatika mtaa mzima. Uliporudi, seva iliwaka lakini kiyoyozi cha stoo hakikuwaka, na mimi sikujua mpaka nilipofungua mlango nikapokewa na hewa ya tanuri. Diski ilikuwa ikigonga, tak, tak, tak. Mwenye kazi hii anaujua mlio huo: ni diski inayoaga. Nikaizima haraka. Sauti ya mume wangu ilikuwa mahali pamoja tu duniani, juu ya diski ile, na nakala hatukuwa nayo. Watu wawili ndani ya nyumba moja tunalipwa kuwahimiza wenzetu waweke nakala. Mganga hajigangi.

Alasiri simu ya stoo haikulia. Nilimwona Bi Mkubwa kupitia mlango wake ulio wazi, mkonga wa simu sikioni, akibonyeza na kungoja. Mwisho akaurudisha taratibu, akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akanisemesha zaidi ya salamu.

“Na hii nayo imekufa?”

Nikamwambia ntaitengeneza, inshaallah. Jioni ile hakula. Kesho yake alikunywa chai tu, na keshokutwa wifi alirudi na chungu kile kile kikiwa kimejaa. Bi Mkubwa hakulia wala hakulalamika. Alikaa akiitazama simu. Nikaona kwamba tukizembea tutazika tena.

Sikuweza kutoka kwenda dukani, kwa hiyo nilimtuma wifi. Alikwenda Ruwi akinung'unika, akarudi akinung'unika, na diski aliyokuja nayo haikuingia hata kwenye tundu lake. Hakuwa na kosa. Seva ile ya kiwandani ilikuwa kama ngamia anayekula majani yake maalumu tu. Ikabidi nimpigie simu Mkenya mmoja aliyefanya kazi na mume wangu Rusayl, mtu mpole aliyekuja kuzika ingawa yeye ni Mkristo.

“Pole sana, madam,” alisema. “Hiyo mashine naijua, tuliibeba na yeye hadi kwa pikapu. Diski yake hupati mtaani. Nitakutafutia hapa kwa stoo yetu.” Akaileta mpaka getini, akampa wifi, akaondoka bila kukubali hata kahawa.

Basi kizuka nikashika bisibisi. Wanawake waliokuja kunipa mkono wa taazia walinikuta nimejaa vumbi, nguo nyeupe imegeuka ya kijivu, na najua waliyoyasema wakitoka. Nilikuwa na hasira na kila mtu: na wao, na kiyoyozi, na marehemu aliyefunga nyaya zote bila ya kuandika ipi inakwenda wapi. Nilisimamisha seva upya juu ya diski mpya, kuanzia msingi. Nilipanga nyaya upya, nikafunga kiyoyozi kingine. Hiyo ilikuwa sehemu rahisi. Sehemu ngumu ilikuwa kuwatoa samaki watatu kwenye diski inayokufa.

Ipo hila ya mafundi, haimo katika vitabu: diski inayogonga huitia ndani ya mfuko wa plastiki, ukaifunga vizuri, ukaiweka kwenye friza. Ikiganda, mara nyingine husomeka kwa muda kabla ya kupata joto na kufa moja kwa moja. Niliiweka baina ya vipande vya nguru wa kweli. Wifi alipofungua friza kutafuta samaki wa kupika akashika chuma, akaniita kwa sauti ambayo ilinifanya nicheke, na kicheko kikageuka kilio tukiwa pale pale, mlango wa friza uko wazi. Alinishika bega. Hakusema tena habari ya maiti kupigiwa simu.

Kabla ya kuitoa ilibidi niamue nani ataanza. Diski ikiamka, itaamka mara moja tu, labda kwa muda wa kumtoa samaki mmoja. Nguru alikuwa na picha zote: harusi yetu, safari ya Salala, yeye amelala mkekani mdomo wazi na mimi nampiga picha kwa siri. Pono alikuwa na sentensi moja. Nilikaa chini stoo nikimlaumu Mungu kwa kunipa hesabu kama ile, kisha nikasikia kikohozi cha Bi Mkubwa upande wa pili wa ukuta. Nikaanza na Pono.

Alitoka mzima. Nikamgeukia Nguru, diski ikagonga mara chache, ikanyamaza, na haikuamka tena hata baada ya kurudi friza. Picha zile sijaziona tena mpaka leo.

Nilipomwasha Pono kwenye nyumba yake mpya, alikataa kuamka. Nilikaribia kuipiga teke mashine. Kisha nikasoma kwa makini alichokuwa akilalamikia: nafasi yake imejaa, hana pa kuandika hata herufi moja. Haikuniingia akilini. Mume wangu alimpa nafasi ndogo, lakini mashine ya simu huandika nini hata ijae? Nikapekua folda moja moja, nikakuta kilichoijaza. Ni ujumbe wa sauti, wote kutoka simu moja, mmoja kwa kila alasiri tangu siku ya mazishi, mwengine mrefu kama khutba. Bi Mkubwa hakuwa akisikiliza tu. Aliambiwa aseme, naye akasema.

Ningeweza kufuta, na Pono angeamka pale pale. Badala yake nikampanulia nafasi, mara nyingi kuliko aliyokuwa nayo. Halafu, ili nijue kama sauti zimesalimika, nikafungua ujumbe mmoja, wa karibuni.

“Mwanangu,” ilisema sauti ya Bi Mkubwa, “leo wamekuja watu wa Matrah, wamekaa sana. Mkeo hakula. Nnamwona anavyokonda, nami sijui nimwambie nini. Wewe ndo ulokuwa ukimwambia.”

Nikazima. Mingine sikuifungua. Nilitaka nitoke nikamwambie kwamba nakula, kwamba ale na yeye, tule pamoja. Lakini ningesemaje bila ya yeye kuuliza nimejuaje? Nikabaki na maneno yake kifuani, nikatoka nikamwambia tu kwamba simu imepona. Alasiri ikalia mara nne. Jioni akala wali na kipande cha samaki, na mimi nikala mbele yake, kwa makusudi, mpaka tumbo likaniuma.

Eda ilipokwisha nikarudi kazini Matrah. Nilikuwa nimemjenga Kolekole upya, na sasa ningeweza kumtazama nikiwa ofisini. Kila alasiri, pale nyaya za nyumba zilipokuwa zimetulia, kilijitokeza kilima kidogo kutoka chumba cha Bi Mkubwa. Kilipanda, kikakaa muda wa maongezi, kikashuka. Wenzangu waliona nikikodolea macho skrini wakidhani ni mambo ya kampuni. Mimi nilikuwa nikihakikisha kwamba yu hai, na kwamba bado kuna mtu anayempigia mume wangu simu. Hilo la pili sikumwambia mtu. Nyumbani tuliendelea na salamu zetu za asubuhi na jioni.

Kisha siku moja kilima hakikutokea. Nilingoja. Nikaangalia Pono yuko macho, nyaya zote nzima, umeme upo. Nikapitia kwa Pono nikapiga simu ya chumbani kwake, haikupokewa. Sikuaga mtu. Nilitoka Matrah na safari ile ya kurudi Hail siikumbuki vizuri, ila nakumbuka nilikuwa nikisema kwa sauti ndani ya gari, usiende na wewe, usiende na wewe.

Nilimkuta sebuleni. Alikuwa amejikokota mwenyewe kutoka chumbani, amekaa juu ya godoro na dalla, birika la kahawa, mbele yake, na vikombe viwili. Nilisimama mlangoni nikihema, ufunguo mkononi.

“Mama, mbona leo hukumpigia?”

Hakuniuliza nimejuaje. Alimimina kahawa kwenye kikombe cha pili, akakisogeza upande wangu.

“Leo nlisema nkungoje wewe,” alisema. “Yeye hajibu.”

Nikakaa. Akaanza kunisimulia kwamba muuza samaki amemletea samaki changu waliolala tangu jana, na amemrudisha nao, na kwamba magoti yamemuuma tangu asubuhi. Alisema kwa muda mrefu, kama mtu aliyezoea kutokatizwa. Nilifurahi kwa ajili yake. Kwa ajili yangu nilitaka kulia, kwa sababu tangu siku ile simu ya stoo haikulia tena, na nafasi ile yote niliyompa Pono ilibaki tupu. Aliponiuliza kama nimekula, nikamjibu mimi mwenyewe.