Hodi ya Bwana Shamba

Sina haja ya kujifanya mwema. Yule bwana shamba nilimsubiri miaka saba, na siku yake ilipofika niliifyonza taratibu kama muwa.

Mama alikuwa mtunza stoo wa kijiji chetu cha Gwata, enzi zile tulipolima pamba ya pamoja. Ufunguo aliufunga kwenye pindo la khanga, na ni yeye aliyepima dawa ya wadudu na kuichanganya na maji kwenye bomba la kupulizia. Mwaka mmoja ikaletwa dawa mpya ya funza wa vitumba, wale wanaotoboa matunda ya pamba machanga. Mama akaipima kama alivyoelekezwa, vijana wakapuliza asubuhi, na alasiri bwana shamba akaja kukagua. Kukagua kwake kulikuwa kumoja tu: kuchuchumaa chini ya mche na kuhesabu mizoga. Siku ile hakuona hata mmoja. Funza walikuwa hai, wanatembea kwenye mashina na udongoni, wamechangamka kuliko jana yake.

"Hii si dawa," alisema kwenye mkutano wa kijiji. "Haya ni maji. Dawa yenyewe mtunza stoo wenu kawapelekea shemeji zake, mkaiulizie huko Chole."

"Nimepima kwa mkono wangu, bwana shamba," mama alisema.

Watu wakacheka. Mama akafungua pindo, akaweka ufunguo mezani, akarudi kuketi. Kesho yake ikapulizwa dawa ya zamani, mizoga ikajaa chini, na pamba ilipostawi akapongezwa bwana shamba. Mama akabaki na jina: Mama Maji. Watoto walimwita hivyo kisimani, na majirani wakaacha kuja kuomba hata chumvi. Nami, binti yake wa kumzaa, usiku wa mkutano ule nilimuuliza kama ni kweli. Akazima taa, akalala. Swali langu hilo ndilo lililonichoma zaidi, na kwa kuwa sikuweza kujiadhibu kwa kumshuku, kisasi chote nikamwekea yule bwana.

Baadaye nilisoma hadi chuo, na huko ndiko nilikokutana tena na dawa ile. Mwalimu alitueleza kwamba mwili wa mdudu una kemikali ya kumshtua na kumtia mbio, ambayo wataalamu huiita oktopamini. Kemikali hiyo haiingii ndani ya seli. Inaishia nje, kwenye kipokezi kilichopenya utando wa seli, na kazi yote inafanyika upande wa pili. Wenzangu walikuna vichwa. Mimi nilielewa mara moja, kwa sababu nimekulia kwenye nyumba yenye mlango. Mgeni anapiga hodi, naye bado yuko nje. Aliye karibu na mlango anasikia, anampasha aliye ukumbini, huyo anawatuma watoto watatu kwa mpigo: mmoja aweke chai, mmoja atandike mkeka, mmoja amwite baba shambani. Hodi moja, nyumba nzima imetaharuki, na mgeni hajavuka kizingiti. Ndivyo ilivyo kwenye seli: kipokezi kikishikwa nje, ndani huamshwa kimeng'enya kinachotoa wajumbe wadogo wengi, na hao ndio wanaozisukuma kazi za seli.

Dawa ile mpya ilikuwa inaigiza hodi hiyo, tena bila kuondoka mlangoni. Funza hafi papo hapo. Anahangaika, anatetemeka, anashuka kwenye mche, anasahau kula, na anafia mbali kwa njaa. Kalamu ilinidondoka. Pamba yetu ilikuwa imeshapona kabla ya ile dawa ya pili, na mama hakutia tone la maji lisilostahili.

Miaka miwili baadaye nilikuwa mkufunzi Kibaha, nikifundisha mabwana shamba waliokuja kujinoa. Na nani ameketi mstari wa mbele, kitambi kimemtangulia? Nilimwamkia shikamoo kama adabu inavyodai, naye akaitikia marahaba kwa raha zake. Hakunikumbuka. Nilifurahi mno.

Nilikuwa nimeandaa mabakuli mawili, kila moja lina jani la pamba na funza sita. Jani moja nimelinyunyizia maji, jingine dawa ile. Nikamwita mbele. "Mzee wangu, wewe una uzoefu. Maji ni lipi?"

Akainama, akatazama bakuli ambalo funza walikuwa wakizungukazunguka. "Hili. Hawa wana nguvu zao. Wale waliotulia ndio wameshalewa dawa."

"Tukale kwanza," nikasema.

Tuliporudi, jani la wale waliotulia lilikuwa limebaki mishipa. Lile jingine lilikuwa zima. Darasa likaangua kicheko. Nilikiacha kiishe chenyewe, kisha nikawasimulia habari za mtunza stoo wa Gwata, nikimtazama usoni tangu mwanzo hadi mwisho. Jasho lilimtoka. Nikamwambia aende akayaseme yale mahali palepale alipomwaibisha mama, kisha akapige hodi nyumbani kwake.

Alikwenda, hilo simnyimi. Jumamosi alisimama mbele ya mkutano akasema dawa ilikuwa halisi na kosa lilikuwa lake. Mama hakuhudhuria. Tulikuwa nyuma ya nyumba, yeye anabangua korosho, niliposikia sauti mlangoni.

"Hodi."

Mkono wa mama ukasimama. Alijua ni nani, maana majirani walikuwa wamemtangulia kuleta habari.

"Hodi humu ndani."

Mama alitazama korosho iliyokuwa mkononi mwake. Hodi ya tatu ilikuwa ndogo, karibu isisikike, na desturi yetu ni kwamba baada ya hodi ya tatu mgeni huondoka. Tukasikia baiskeli ikisukumwa.

Mama akafuta macho kwa pindo la khanga. "Mkimbilie," akasema. "Mwambie nimesikia. Mwambie yameisha."

Nilimkuta kwenye njia ya kisimani, ameegemea baiskeli yake, uso umemshuka. Akaniuliza, "Mama amesemaje?"

"Hajasema kitu," nikamjibu.