Dobi na Kiwanja Kilichoandikwa Hakitumiki

Mtaani walimwita Mkunjo, na jina hilo hakupewa bure. Suruali iliyopita mikononi mwake ilirudi na mstari mmoja uliosimama wima kutoka kiunoni hadi kisiginoni, mpaka mwenyewe anaona haya kuketi nayo. Alikuwa dobi kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo alikuwa amewajua watu kwa njia ambayo hata mama zao hawakuwajua. Hebu fikiria: mtu akikuletea nguo zake kila Ijumaa, amekuletea wiki yake nzima. Mwalimu mkuu alikuja na chaki kwenye mfuko wa kulia, mwaka nenda mwaka rudi. Mwuza duka wa pembeni, bwana mkimya asiye na makuu, siku moja kola yake ilianza kunukia marashi, na Mkunjo akajua kuna mchumba miezi miwili kabla wazazi hawajapelekewa habari.

Alijua, lakini hakusema. Mjomba wake, ndiye aliyemfundisha kazi, alimpa sharti moja kabla hata hajamruhusu kugusa sabuni: unachokikuta kwenye nguo ya mtu, kiwe kikubwa au kidogo, kitie kwenye bahasha, kirudishe pamoja na nguo, na mdomo wako usiwe na habari. Basi Mkunjo alinunua bahasha za kaki kwa bunda. Ndani yake aliwahi kurudisha vifungo, funguo, jino la mtoto, barua iliyolowa machozi au maji, hakuuliza, na mara moja mende mzima, amekufa lakini hajapungukiwa na mguu, kwa sababu sharti ni sharti.

Sasa mtu aliyejaliwa udadisi wa kuutosha mtaa mzima, halafu akafungwa mdomo namna hiyo, atafanyaje? Mkunjo aliuliza maswali. Kusema alikatazwa, kuuliza hakukatazwa. Alimwuliza mwashi kwa nini matofali huloweshwa, akamwuliza nesi kama damu ya kila mtu ina harufu moja. Mkewe alizoea kumtuma chumvi na kumpata baada ya saa nzima, amesimama barabarani anamwuliza mpita njia, "Baba nanii, kwani chumvi wanachimba?"

Nyuma ya safu ya vyumba walimokaa palikuwa na kiwanja. Udongo mweusi, majani pembezoni, na katikati kamba kumi na nne za Mkunjo, zimevutwa kati ya nguzo za chuma. Jumatatu hadi Jumamosi, kama hakuna mvua, usingeona ng'ambo kwa mashuka na mashati. Majirani nao walianika hapo hapo, kwa ruhusa yake au bila ruhusa. Ila kila Jumamosi jioni Mkunjo alianua nguo zote, akazikunja kamba moja moja kama mtu anayekunja uzi, akang'oa nguzo kwenye mashimo yake na kuzilaza ukutani. Miaka mingi nyuma mtoto mmoja, akicheza mpira Jumapili, alinaswa na kamba shingoni. Hakuumia sana, lakini Mkunjo hakuusahau ule mlio. Tangu hapo Jumapili kiwanja kilikuwa cha watoto, kitupu kama kiganja.

Halafu likaja tangazo. Lilibandikwa ukutani karibu na bomba la maji: mpango wa kuendeleza eneo, yaani maegesho ya magari na jengo la maduka. Mwenye pingamizi alete kwa maandishi, mwisho Ijumaa ya wiki ijayo. Chini yake kulikuwa na ramani. Mkunjo alikuwa na furushi la mashuka begani. Akaisogelea ramani hadi pua ikakaribia kugusa karatasi. Akaviona vyumba vyao, akaiona njia ya bombani. Akakiona kiwanja, kimepakwa rangi ya kijivu, na juu yake maneno mawili: ENEO LISILOTUMIKA.

Wenzake walikasirika papo hapo. Yeye, Mungu amsamehe, alishangaa kwanza. Alisimama pale hadi maji ya mashuka yakamtiririkia mgongoni. Wamelionaje? Kamba kumi na nne, mashuka ya nyumba ya wageni, sare za shule nzima. Mtu anapita vipi hapo na asione?

"Unaitazama kama picha ya harusi yako," sauti ikasema nyuma yake. Alikuwa shemeji yake, mdogo wa kike wa mkewe, mwuza mkaa, ndiye aliyemletea mkaa wa pasi kila asubuhi pamoja na maneno ya siku nzima. "Wanakuchukulia kiwanja, shemeji! Utaanika wapi? Kichwani?"

"Nauliza tu wamekionaje."

"Wewe utauliza mpaka watakuzibia mlango kwa saruji. Mimi nimeshaandika pingamizi langu." Akalitoa kifuani, karatasi ya daftari iliyojaa alama za vidole vyeusi. Lilikuwa na neno moja, kwa herufi kubwa: HATUTAKI. Chini watu arobaini walikuwa wametia sahihi, na mmoja, kwa shauku, alitia mbili.

Mkunjo hakulala vizuri wiki hiyo. Bila kiwanja hakuna kazi, hilo halikuhitaji maelezo. Kuanika ndani nguo huvunda, na nguo iliyovunda haisafishwi kwa jina zuri. Yeye hakuwa na kazi nyingine, wala miaka ya kujifunza nyingine.

Jumamosi mchana, mkutano ukafanyika katika ukumbi wa shule. Meza mbele, viti vya wanafunzi kwa wananchi, kwa hiyo watu wazima walikaa magoti yakigusa kidevu. Aliyekuja kuueleza mpango ni ofisa mipango, bwana mrefu mwenye miwani, mpole wa sauti. Aliposimama, Mkunjo hakumtazama usoni. Alitazama suruali. Ya kijivu, mkunjo umesimama barabara. Kazi yake mwenyewe, ya Alhamisi.

Maana ofisa alikuwa mteja. Nguo zake zililetwa na mfanyakazi wa nyumbani, na yeye mwenyewe alifika mara chache tu. Na Mkunjo aliijua ile suruali kama anavyoijua sauti ya mlango wake. Ilikuwa suruali ya mtu anayekaa: makalio yameng'aa kwa kiti, mfuko una doa la wino, mapindo ya chini safi miezi yote.

Shemeji akasoma pingamizi kwa sauti, na kwa kuwa lilikuwa neno moja alilisoma mara tatu. Watu wakapiga makofi.

"Dada yangu, nimewasikia," ofisa akasema. "Lakini hatutaki si sababu. Sheria inaniambia niandike sababu. Eneo lile tumelikagua, tumelipitia hatua kwa hatua. Hakuna shughuli yoyote."

Ukumbi ukavuma. Mkunjo akainamisha kichwa. Hatua kwa hatua? Kwenye kiwanja kile, pembezoni pote, kuna kishona nguo, yale majani yenye mbegu nyeusi kama sindano, zikikugusa zinakung'ang'ania mpaka nyumbani. Hakuna aliyekivuka bila kuondoka nazo kwenye pindo. Hata pale ukumbini, ukitazama chini, mapindo ya watu arobaini yalikuwa nazo. Na udongo mweusi wa pale haukubali kutoka kwa sabuni ya kawaida. Yeye ndiye aliyehangaika nao miaka yote. Ile suruali ya kijivu haikuwahi kuja nao hata chembe, wala nyingine zake.

Shemeji akamfinya ubavu. "Si nguo zake unafua wewe? Unajua kitu, nakuona unavyomeza mate. Simama useme!"

"Siwezi kusema."

"Huwezi! Mjomba wako alikufa zamani, shemeji, hatakuja kukuchapa."

Akasimama. Magoti yalilia kwa kile kiti kidogo. Hakujua atasema nini, ila alijua asichoweza kusema.

"Bwana mkubwa, mimi ni dobi. Sina pingamizi bado, nina swali. Mlipokuja kukagua, mliingilia upande gani?"

Swali dogo tu. Ofisa akainua kichwa kutoka kwenye karatasi zake. Akamtazama yule aliyeuliza, akaona mikono iliyokunjamana kwa maji, vidole vyeupe kwenye ncha. Dobi. Macho yake yakashuka polepole hadi kwenye suruali yake mwenyewe, yakafika kwenye pindo, yakakaa hapo kidogo. Kisha yakapanda. Wawili wale wakatazamana, na ukumbi mzima haukujua kimepita nini.

Ofisa akavua miwani akaifuta. "Ngoja niseme ukweli. Hatukuingia. Tulitumia picha iliyopigwa kutoka juu, kwa ndege. Ni njia inayokubalika."

"Ahaa!" watu wakalipuka. Shemeji alikuwa ameshapanda juu ya kiti. Lakini Mkunjo akainua mkono, uso umemng'aa kama mtu aliyefunuliwa fumbo. Kwa hiyo kuna ndege inapita na kuwapiga picha! Hilo peke yake lilimtosha kuulizia mwaka mzima.

"Na hiyo picha, bwana, ilipigwa siku gani?"

Karatasi zikapekuliwa. "Hapa wameandika... Jumapili. Saa tatu asubuhi."

Mkunjo akaanza kucheka. Alicheka peke yake kwanza, mabega yakitikisika, mpaka mkewe, aliyekaa safu ya nyuma, naye akaelewa akajifunika uso kwa mtandio. "Jumapili!" akasema. "Kumbe nimejifuta mwenyewe!" Akaeleza habari ya kamba na nguzo, na mtoto aliyenaswa na kamba. Alieleza kwa kirefu, kama kawaida yake, na safari hii hakuna aliyemwambia afupishe.

"Sasa mimi nitajuaje?" ofisa akauliza, na lilikuwa swali la kweli.

"Njoo Jumanne. Saa nne, jua likishapanda. Kwa miguu."

Jumanne alfajiri Mkunjo alitazama mawingu kama mkulima. Saa mbili yakafunguka. Hakuongeza nguo hata moja ya maonyesho. Shemeji alitaka kila nyumba ilete mapazia yake, akamkatalia. "Aone Jumanne ya kawaida," alisema. "Nikimdanganya na mapazia, tutakuwa tumekwenda sare."

Ofisa alikuja peke yake, na daftari. Akainama chini ya shuka la kwanza, akaibukia kwenye sare za shule, akapotea, akasikika akipiga chafya katikati ya blanketi. Alihesabu kamba. Akamwuliza jirani aliyekuwa akikamua vitambaa vya mtoto, akamwuliza mzee aliyekatiza hapo kwenda zahanati. Kwenye kamba ya tisa akasimama ghafla. Shati la buluu, mistari myembamba, kifungo cha pili kimeshonwa kwa uzi usiofanana.

"Hili shati..." akasema.

"Zuri," akajibu Mkunjo.

"Ni langu."

"Sijui bwana. Mimi huwa sijui nguo ya mtu."

Ofisa akalishika shati lake mkono, likiwa bado bichi, akatazama huku na huko lile eneo lisilotumika. Halafu akacheka mpaka miwani ikamteleza. Kabla ya kuondoka akasema, "Ijumaa niletee pingamizi la maandishi. Lenye sababu."

Mkewe Mkunjo ndiye aliyeandika, kwa kuwa mwandiko wake unasomeka. Lilikuwa fupi kuliko walivyotarajia wote: kwamba Jumatatu hadi Jumamosi kiwanja hukausha nguo za nyumba mia mbili na zaidi, kwamba ni njia ya mkato ya kwenda zahanati, na kwamba Jumapili kinatumika pia, na watoto. Shemeji akaomba aongeze HATUTAKI mwishoni. Wakamwachia, kwa herufi ndogo.

Ijumaa hiyo hiyo zikaletwa nguo za ofisa. Mkunjo akaikunjua suruali ya kijivu mezani, akaigeuza pindo. Udongo mweusi hadi kifundoni, na kishona nguo zimejishona pande zote mbili kama pambo. Akavuta kigoda. Akazitoa moja moja, kwa kucha, bila haraka, hadi zikaisha zote. Kisha akachukua bahasha ya kaki akazitia ndani.

Ofisa mwenyewe ndiye aliyekuja kuchukua. Akaifungua bahasha, akachungulia. "Nini hizi?"

"Vitu vyako. Vilikuwa kwenye nguo."

Ofisa alifungua mkoba wake, akalitoa faili la mpango, akabandika bahasha nyuma ya pingamizi kwa pini.

Ilichukua wiki saba. Ramani mpya ilipobandikwa, maegesho yalikuwa yamehamia upande wa ghala bovu ambalo kila mtu alilichukia. Si kwamba walishinda kila kitu: ukanda wa kushoto ulikatwa upitishe njia ya miguu, na Mkunjo akapoteza kamba tatu. Alilalamika juu ya hizo tatu kwa mwezi mzima. Lakini rangi ya kijivu ilikuwa imetoka kwenye kiwanja, na maneno mapya yalisomeka UWANJA WA KUANIKIA. Aliyasoma mara nyingi, furushi likimtiririkia mgongoni.

"Haya, umeridhika?" shemeji akauliza.

"Hiyo ndege," akasema Mkunjo, "kwani hupita mara ngapi?"

Jumamosi jioni alianua nguo kama siku zote. Alikunja kamba kumi, akang'oa nguzo akazilaza ukutani. Ya kumi na moja aliivuta kwenye kona, akaipandisha juu kabisa, juu kuliko shingo ya mtoto yeyote, hata ya baba yake. Akaanika shuka moja jeupe, akalibana kwa vibanio vinne lisikunjike. Kisha akarudi nyuma hatua chache, mikono kiunoni, akainua uso kutazama lingeonekanaje kutoka juu.