Sinia la Matufaha Nililolirudisha

Naona haya kusimulia, tena hasira zanipanda upya, lakini afadhali jambo hili mlisikie kwangu kuliko kwa watu wa Mambrui, ambao wameshalitia chumvi.

Miaka hiyo ya themanini siasa za dunia nilijifunza mwenyewe, kwa redio na magazeti makuukuu ya kufungia sukari (shule niliachia darasa la saba, basi kila nilichokijua nilitaka watu waone nakijua barabara), na redio ilisema kila siku kwamba nchi yetu haifanyi biashara na Makaburu wa Afrika Kusini, nami nikaamini neno kwa neno. Siku ya posa ya dada yangu Zuhura, wanawake wa upande wa mume wakaingia uani kwetu Malindi na masinia vichwani, vigelegele juu, nami niliyewekwa mlangoni kupokea nikaona matufaha mekundu, kila moja na kibandiko, nikasoma: Afrika Kusini. Laiti ningenyamaza!

"Hili haliingii nyumba hii," nikasema kwa sauti.

Bi Rukia, shangazi yake mume, akasimama. "Mwaturudishia sinia?"

"Naam, narudisha! Watu wanauawa kule!"

(Kwetu sinia la posa likirudi, posa imekataliwa; kila mtoto ajua, na mimi nilijua, ila wakati ule kichwani mlijaa Makaburu tu.)

"Haya wenzangu, twendeni," akasema Bi Rukia. "Tumekataliwa."

Vigelegele vikakatika. Zuhura, ndani, akasikia yote.

Ami Seif, ndugu ya baba, akanivuta shati. "We mwendawazimu! Matufaha haya yauzwa dukani hapo, na hao wakubwa wa redioni ndio wanunuzi wa kwanza. Serikali ina maneno ya kusema na ina chakula cha kula."

"Basi ni waongo!"

"Ni waongo wenye nchi. Wewe una nini?"

Nilikuwa na dada analia. Tukaenda Mambrui, kwao mume, kuomba radhi, na Bi Rukia, mbele ya watu waliojaa sebuleni, akanipa tufaha mkononi. "Kula, mwanangu, ndipo tujue twasikizana." Nikala lote, wao wakicheka, mimi machozi ya hasira yakinitoka: hasira kwa Makaburu, kwa wale wa redioni, na kwa ulimi wangu, maana lilikuwa tamu.

Zuhura aliolewa, ila hakunisemesha mpaka alipojifungua. Bado nasema tulidanganywa, na sitaacha kusema. Lakini naapa, nikitaka kususia kitu tena nitakisusia kwa tumbo langu mwenyewe, si kwa ndoa ya mwengine.